Besi Akinyamaza, Ingia

Besi akinyamaza, ingia.

Ndivyo alivyosema mwinjilisti leo asubuhi, baada ya kutangaza kwamba Shule ya Jumapili haina mwalimu tangu Naelijwa aolewe Korogwe. Akakunja karatasi yake, akatazama mabenchi ya nyuma, akaketi. Na ninyi wa kipaimara mkatazamana kama mbuzi waliosikia ngurumo. Sasa mnaniuliza mimi huyo besi ni nani na alinyamaza wapi. Haya, kaeni. Wewe mwenye viatu vyeupe tandika leso kwanza, ngazi hizi hazijafagiliwa. Na najua kwa nini hazijafagiliwa, maana zamu ilikuwa yenu.

Methali hii haikuletwa na wahenga wenye ndevu. Ilizaliwa humu humu ndani, kwenye kanisa hili mnalolipa mgongo, nayo ilizaliwa hivi.

Miaka ile kanisa lilikuwa kubwa kuliko watu wake. Lilijengwa wakati milima hii ya Upare imejaa, mawe yakapandishwa kutoka mtoni kichwani, na aliyebeba jiwe dogo alichekwa hadi siku ya harusi yake. Baadaye watu wakaanza kuteremka. Huyu kafuata kazi ya mkonge Tanga, yule kafuata mwanawe Arusha, mwingine kateremka kuoa bondeni akasahau njia ya kupanda. Waliobaki walikaa mabenchi ya mbele, wakiachiana nafasi utadhani wamegombana. Katikati palikuwa patupu. Ukungu wa asubuhi uliingia madirishani ukakaa hapo katikati, wala hapakuwa na mtu wa kuuambia sogea.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa vijana. Hawakukaa nyuma kwa utovu wa adabu, ingawa adabu nayo haikuwalemea. Walikaa nyuma kwa sababu hapakuwa na aliyewahitaji mbele. Siku ya kufagia waliitwa. Siku ya kubeba mabenchi kupeleka msibani waliitwa. Aliyewahi kuomba kuimba aliulizwa kama anajua nota, akasema hajui, akaambiwa, "Basi kasikilize." Wakaenda nyuma wakasikiliza, mpaka kusikiliza kwenyewe kukawachosha.

Kwaya ilikuwa imekufa kifo cha kibatari: hakuna aliyeizima, mafuta tu yaliisha. Alibaki mtu mmoja, Mzee Tuvako, naye alikuwa besi, mwimbaji wa sauti nzito ya chini.

Sasa ninyi mnaojifunza nyimbo kwenye simu hamjui besi ilivyofundishwa. Mwalimu wa kwaya wa zamani aliwagawa watu. Sauti ya kwanza aliifundishia humu ndani, sauti ya pili barazani, ya tatu njiani pale, na wa besi aliwapeleka nyuma ya kanisa, kwenye migomba, ili ngurumo yao isiwachanganye wenzao. Kila kundi lilijua lake. Siku ya kuimba waliunganishwa, na hapo kila mtu alijikaza asivutwe na sauti ya jirani. Kwa hiyo mtu aliweza kuimba wimbo maisha yake yote na asiujue. Alijua kipande chake, basi.

Mzee Tuvako alikijua kipande chake. Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa mavuno, na upande wa besi ulikwenda hivi: "Tumekuja, tumekuja, tumekuletea..." Kisha kimya. Kimya kirefu, cha mtu kuweza kukohoa na kupangusa pua. Kisha: "...pokea, Bwana, pokea." Ndani ya kimya kile ndimo sauti ya kwanza ilimotaja kilicholetwa. Na katika sauti ya kwanza, iliyokuwa ikitangulia zote ni ya mkewe, Bibi Ndekirwa.

Bibi Ndekirwa alifariki wakati wa mvua za vuli. Jumapili iliyofuata mazishi, baada ya sala, Mzee Tuvako alisimama mahali kwaya ilipokuwa ikisimama, mkono wa kushoto wa madhabahu, peke yake, koti limefungwa vifungo vyote. Akaimba. "Tumekuja, tumekuja, tumekuletea..." Akanyamaza, macho dirishani. Watu wakasubiri. Wakadhani huzuni imemkaba koo. Halafu, pasipo mtu kutarajia, akanguruma: "...pokea, Bwana, pokea," hata mtoto mmoja akashtuka akaanza kulia.

Wakamhurumia. Jumapili ya pili wakamhurumia kidogo. Lakini mzee hakuacha. Aliimba mavuno Krismasi, akaimba mavuno Kwaresima, wakati ghalani hamna hata panya. Na kila alipofika kwenye kimya kile, benchi la nyuma liliinamisha vichwa, mabega yakatikisika. Palikuwa na kijana mmoja, Herieli, mdomo wake hauna breki. Alikuwa akiwanong'oneza wenzake, "Tumekuletea nini jamani? Mzee kasahau mzigo njiani!"

Mzigo wenyewe hakuna aliyeujua. Sauti nne zilizopishana ziliufanya wimbo uvume kama mto wa masika. Ulipendwa na kila mtu, haukushikwa na yeyote. Mama mmoja aliapa kwamba pale katikati palitajwa mvua. Mwenzake akasema mvua wapi, ni mtama. Wakanuniana hadi Pasaka. Walioujua kweli walikuwa makaburini au mijini.

Miongoni mwa vijana wa nyuma alikuwepo msichana aitwaye Nietiwe. Alilelewa na shangazi yake Nakundwa, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Rafiki yake wa kweli alikuwa amepelekwa shule ya bweni, na tangu hapo Nietiwe alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani, akiacha nafasi ya mtu mmoja kwa mazoea. Wenzake wakicheka naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Mnaujua upweke wa namna hiyo? Upweke wa nyumbani mtu hupata japo paka. Upweke wa katikati ya wenzako hauna paka.

Basi sikukuu ya mavuno ikakaribia, na safari hii wangekuja wageni kutoka usharikani. Wazee wa kanisa wakakutana. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mmbaga, mtu wa utaratibu, aliyepiga pasi hata soksi. Wakaona aibu: wageni wapande mlima wote huu waje kusikiliza wimbo wenye tundu katikati? Wakaamua kuazima redio kaseti kubwa ya mwenye duka, ipige kwaya ya mjini, na Mzee Tuvako aombwe kuketi.

Mzee Mmbaga akaenda kumwambia. Mzee Tuvako alimsikiliza mpaka mwisho, huku anamenya ndizi.

"Na Jumapili hii iliyo kabla ya mavuno?" akauliza.

"Hiyo imba. Lakini iwe ya mwisho, ndugu yangu."

"Haya."

Akaendelea kumenya ndizi zake. Mzee Mmbaga alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alipoukosa akaondoka mnyonge, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Habari huku kwetu hupanda mlima upesi kuliko anayezibeba. Nietiwe alizisikia siku ile ile. Kesho yake shangazi akamtuma kwa Mzee Tuvako kuchukua mbegu ya tangawizi. Akamkuta shambani ameinama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si wa kwa Nakundwa? Umekuja kunicheka huku huku, au utangoja Jumapili?"

Nietiwe uso ukamwaka. "Shangazi kanituma mbegu."

"Ile pale kikapuni. Chagua zenye macho."

Akachagua. Akamaliza. Hakuondoka. "Babu, nikuulize kitu?"

"Umeshaanza."

"Ukifika pale katikati, huwa unasahau maneno?"

Mzee akasimamisha jembe. "Nisahau? Mimi? Pale si pangu, binti. Pale pana wenyewe. Mimi nanyamaza niwapishe."

"Walikuwa wanaimba nini?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Hujui? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nahesabu. Besi akikosea kuingia wimbo wote unaanguka, na mwalimu wetu alikuwa na jicho, we acha tu. Mke wangu kaimba ubavuni pangu umri wetu wote, na mimi ubavuni pake nahesabu. Nyumbani alikuwa haimbi. Nyumbani alikuwa anasema tu, na kusema alijua." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa namwachia nafasi yake ile ile. Nilidhani nikinyamaza vizuri nitalikumbuka neno lake hata moja. Silikumbuki. Nasikia mabati ya kanisa tu."

Nietiwe akashika kikapu, akakiachia. "Na wakikuketisha?"

"Nitaketi. Wazee wamesema."

"Si utaimba nyumbani?"

"Nyumbani haiwezekani," mzee akasema. "Nyumbani ni kimya chote. Huwezi kujua kipi ndicho cha wimbo."

Nietiwe akapanda na kikapu chake. Shangazi akamuuliza mbona umechelewa, akasema njia inateleza.

Jumapili ikaja na mvua. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na wengi wakabaki majikoni mwao. Waliofika walifika na matope hadi magotini, wakakaa mbali mbali zaidi ya siku zote, kila mmoja na baridi yake. Vijana wa nyuma walikuwa wachache mno, unaweza kuwatandaza kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Wakati ulipofika Mzee Tuvako akainuka. Koti limelowa, vifungo vyote vimefungwa. Akasimama mahali pake.

"Tumekuja, tumekuja, tumekuletea..."

Akanyamaza.

Herieli akainama. "Mzigo jamani..." Vichwa vikaenda chini, mabega yakaanza. Cha Nietiwe tu ndicho kilichobaki juu, na kwa kuwa kilibaki juu kikaona ambacho vingine havikuona. Mzee alikuwa ameinua kidevu na amefumba macho. Midomo haikutikisika. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote, kama anayesikiliza mlango, na ilikuwa mara yake ya mwisho kusikiliza.

Nietiwe akasimama.

Msije mkadhani alikuwa shujaa. Wimbo hakuujua, wala aliyeujua hayupo. Hakujua walileta nini miaka ile. Akajitazama aone yeye mwenyewe amekuja na nini, akaona miguu yake. Akafungua mdomo:

"Miguu yenye matope, ndiyo tuliyopanda nayo..."

Sauti ilianza juu mno, ikapasuka, ikateremka ikitafuta pa kukanyaga, ikapapata. Kanisa zima likageuka. Mzee Mmbaga akainuka na soksi zake.

"Nani huyo? Matope? Matope kanisani? Huo si wimbo wetu!"

Mzee Tuvako hakumtazama. Aliinua kiganja.

"Kaa chini, Mmbaga. Nahesabu."

Mzee Mmbaga akakaa. Nadhani alishangaa mwenyewe kujikuta amekaa. Na palepale, pasipo kuchelewa wala kuwahi, besi ikaingia: "...pokea, Bwana, pokea."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu vuli neno lile kupokea kitu.

Ubeti wa pili ukaanza. Safari hii mzee aliliacha dirisha, akaelekeza uso wake nyuma, mlangoni kwa vijana. "Tumekuja, tumekuja, tumekuletea..." Akawanyamazia. Nietiwe alikuwa amekwisha sema alichonacho. Hakubakiwa na kitu. Kimya kikarefuka. Mnajua nani aliyesimama? Herieli. Alifungua mdomo kwa ajili ya mzaha, hilo sikatai, alikuwa amezoea. Ila ukiwa umekaa unanong'ona mzaha huja wenyewe. Ukiwa umesimama na mtu mzima anakungoja, huwa hauji. Akaimba alichokuwa nacho:

"Na vicheko vya benchi la nyuma, hivyo ndivyo tulivyonavyo..."

"...pokea, Bwana, pokea."

Ubeti wa tatu waliingia wengi pamoja, wakagongana. Mmoja kaleta kuni mbichi, mwingine kaleta mdogo wake mwenye homa, mwingine hakusikika kaleta nini. Haukuwa wimbo mzuri. Wakaketi wote, na mvua ikaendelea juu ya mabati.

Baada ya ibada Mzee Tuvako aliwakuta barazani wamejibanza. Akasimama mbele ya Nietiwe.

"Siyo ule," akasema.

"Ni mbaya, babu?"

"Nimesema siyo ule. Ukiwa mbaya nitakwambia ni mbaya." Akapangusa macho kwa mkono wa koti, akailaumu mvua, na huku yuko chini ya paa. "Umeanza juu kama kuku aliyekanyagwa. Na umeingia umechelewa."

"Sikujua pa kuingia. Mtu atajuaje?"

"Mbona rahisi? Besi akinyamaza, ingia."

"Na asiyejua maneno je?" Herieli akadakia.

"Wewe lini ulikosa maneno?"

Wakacheka, na mzee akacheka nao. Kisha akavuta koti lake vizuri, akauliza, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi: "Mazoezi yenu ni lini?"

Wakatazamana. Tangu wazaliwe walikuwa wakiambiwa siku. Kuulizwa siku hawakuwahi.

"Jumamosi," Nietiwe akasema, kwa kubahatisha.

"Nitakuja," akasema Mzee Tuvako. "Kama mna nafasi ya besi."

Siku ya mavuno wageni walipanda, na redio kaseti ikapandishwa, ikawekwa mezani na kufunikwa kitambaa cha kushonwa. Mwinjilisti wa wakati huo akasema vijana watangulie. Wakasimama mkono wa kushoto wa madhabahu, mzee katikati yao, koti vifungo vyote. Walikosea, tena si mara moja, lakini nani angewakosoa na wimbo hajui mtu? Mzee Mmbaga aliisindikiza redio kurudi dukani jioni ile na betri zake zote mpya. Wanasema njiani alikuwa anavumisha besi, lakini mimi naogopa kusema uongo hatua chache kutoka madhabahuni.

Wala sitawadanganya kwamba upweke uliisha. Mzee Tuvako alirudi kwenye nyumba ile ile, akapika sufuria dogo, akalala upande wake wa kitanda. Neno la mkewe hakulikumbuka mpaka tunamzika. Aliwahi kusema kwamba sauti mpya ilipoingia, ile ya zamani ilisogea mbali zaidi, na kwamba alilia usiku ule kwa ajili hiyo, na kwamba Jumamosi alikwenda mazoezini hata hivyo. Nietiwe naye hakugeuka kuwa mtu wa makundi. Siku nyingine alikaa vilevile upande wa ukutani. Ila kabla ya hapo angekosa kuja mwezi mzima na asijue mtu. Tangu ile Jumapili, asipofika, kabla wimbo haujaanza utasikia mtu anauliza: "Nietiwe yuko wapi?" Na kijana mmoja anateremshwa au anapandishwa mlima kwenda kumtazama.

Maneno ya mzee yakatoka barazani yakaanza kutembea. Mpiga kengele miguu ilipomkataa, mtu alimnyooshea kidole Herieli akasema besi akinyamaza, ingia. Mama mmoja aliyepamba madhabahu kwa maua alipohamia kwa binti yake, yakasikika tena. Hata majumbani, baba akiugua na shamba limesimama, mtoto huambiwa hivyo, naye huelewa, hashiki nota wala nini, hushika jembe.

Naona wewe unainua mkono. Sema. Eti hamjui kufundisha watoto? Na Nietiwe alikuwa anaujua wimbo? Eti watu watawacheka? Watawacheka, ndiyo. Mimi mwenyewe nitaanza. Nimechekwa sana katika maisha yangu na bado nakula vizuri.

Wale watoto wako kule chumbani nyuma sasa hivi, wamekalishwa mkekani tangu ibada ilipokwisha. Tegeni masikio. Mnasikia kelele? Hamsikii. Watoto wadogo hawatulii hivyo bure. Wamengoja mpaka wamechoka kungoja, na sasa wanatazama mlango.

Besi akinyamaza, ingia.